Jina la Baada ya Nukta

Wakalimani wenzake walimwita Pasi, naye hakuchukia. Mtu angeweza kuzungumza ovyo, akaanza sentensi huku na kuimalizia kule, akakohoa katikati na kusahau alichotaka kusema, lakini hotuba yake ikishapita kwa Pasi ilitoka upande wa pili haina mkunjo hata mmoja. Mawaziri walimpenda kwa hilo. Walikuwepo waliosikiliza hotuba zao wenyewe kwa Kiswahili chake wakashangaa kujua kumbe wana akili kiasi kile.

Kazi ilifanyika ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi. Walikaa wawili wawili, wakipokezana kila nusu saa, maana kichwa cha mtu hakiwezi kusikia lugha moja na kusema nyingine papo hapo kwa muda mrefu zaidi bila kuanza kuropoka. Mle ndani mlikuwa na meza nyembamba, vipaza sauti viwili, jagi la maji na harufu ya zulia lisilojua jua. Kanuni ni chache, na Pasi ndiye aliyewafundisha wanaoanza. Usimumunye pipi. Usicheke mjumbe akitania, mpaka na wewe umalize kuutoa utani huo upande wako. Usiache kimya kirefu, kwa sababu msikilizaji hakuoni, atadhani mtambo umeharibika na atavua vifaa vyake masikioni. Na kubwa kuliko yote, sema "mimi." Mjumbe akisema amefurahi, wewe sema "nimefurahi." Ukisema "mjumbe anasema amefurahi," umejipenyeza katikati kama shemeji kwenye ugomvi wa mke na mume. Mkalimani hayupo, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake. Kilichopo ni sauti tu.

Aliyaamini hayo kwa moyo wote. Ni maneno mazuri kuyaamini kama kazi ya siku nzima ni bei za mbolea na viwango vya barabara.

Pasi alizaliwa katika mji ambao sasa ni samaki tu wanaoishi humo. Serikali ilijenga bwawa la umeme, maji yakapanda, na watu wakapakiwa kwenye malori pamoja na vitanda vyao na milango waliyoing'oa kwenye bawaba, wakashushwa kwenye uwanda mkavu uliogawanywa vitalu. Mahali pale pakaitwa Makazi Mapya, na mpaka leo panaitwa hivyo ingawa mabati yameshika kutu na watoto waliofika wakiwa wamebebwa mgongoni sasa wana mvi. Mji wa zamani watu wenyewe waliuita Kule Chini. "Bibi yangu amezikwa Kule Chini," mtu husema huku anafua, bila hata kuinua kichwa, na hakuna anayeuliza maana yake.

Baba yake Pasi alikuwa karani wa posta wa mji huo. Nyumba alishaisamehe, na shamba vilevile. Jina ndilo lililomkaa kooni. Enzi zake barua ilifika kwa jina la mtu na jina la mji, basi, hata ikitoka ng'ambo. Kisha ramani zikachapwa upya bila lile jina, na vitambulisho vilipobadilishwa, kila aliyezaliwa Kule Chini akaandikiwa kwamba kazaliwa Makazi Mapya. "Mimi nimezaliwa miaka thelathini kabla ya mahali nilipozaliwa," mzee alizoea kuwaambia wageni, nao walicheka. Yeye alikuwa hachekeshi.

Ndiyo maana habari aliyoileta Mtaalamu iliwasha moto. Huyu alikuwa kijana wa watu wa Kule Chini aliyesomea kompyuta, na kijana ni namna ya kusema tu, maana upara ulikuwa umeshamfika kisogoni. Alieleza kwamba chombo kinachosimamia anwani za mtandao duniani kimefungua mlango. Zile herufi za mwisho kabisa katika anwani, zinazokuja baada ya nukta ya mwisho, sasa watu wanaweza kuomba mpya. Kampuni zilikuwa zinaomba maneno ya biashara zao, na miji ilikuwa inaomba majina yao.

"Na mji uliozama nao unaruhusiwa kuomba?" aliuliza shangazi yake Pasi, dada mkubwa wa baba, muuza vitambaa na mwenyekiti wa chama cha watu wa Kule Chini tangu chama kilipoanza.

"Fomu haiulizi kama mji umekauka, shangazi," alijibu Mtaalamu.

Ada ya maombi ilikuwa ya kumkalisha mtu chini. Walichanga kwa misimu mingi, waliobaki Makazi Mapya na waliotawanyika miji mingine na nchi nyingine, mpaka ikatimia. Mpango ulikuwa rahisi hata mtoto aliuelewa. Kila mtu wa Kule Chini, popote alipotupwa na maji yale, angekuwa na anwani inayoishia kwa jina la kwao. Jina ambalo posta ilikuwa imeliacha, mtandao ungelibeba. Shangazi alisema anachotaka yeye ni kimoja: siku atakapokufa, tangazo la msiba wake litumwe kutoka anwani ya nyumbani.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa serikali. Kulikuwa na kamati ya serikali za nchi mbalimbali, na nchi yoyote ingeweza kuinuka pale na kupinga herufi fulani zisiruhusiwe. Nchi moja ikipinga na nyingine zote zikanyamaza, kamati inahesabika imesema kwa kauli moja, na ombi hilo limekufa hata kama halijazikwa. Wizara ilimtuma mkurugenzi wake kwenda Makazi Mapya kuwasikiliza watu. Alikuwa mtu mpole wa miwani, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima, akaonyeshwa picha za mji, akatajiwa waliozikwa huko. Alipoondoka aliwaambia, "Serikali haina neno." Walimwamini, na alipoyasema hata yeye mwenyewe aliyaamini. Wakubwa zake hawakuwa wamekaa kwenye kiti kile cha plastiki.

Mwaka huo kamati ilikutana katika jiji kuu la nchi, na kwa mara ya kwanza kukawa na chaneli ya Kiswahili, inayosikika hata nje ya ukumbi kwa mtu yeyote mwenye simu. Pasi akapewa kazi. Alimpigia baba yake siku hiyo hiyo.

"Baba, siku ya ombi letu mfungue chaneli ya Kiswahili. Mtakayemsikia ni mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Wakilitaja jina letu, litatoka mdomoni mwangu."

Mzee akamwita dada yake aje asikie. Pasi hakuona ubaya wowote. Mkalimani si hayupo? Kama hayupo, basi hana kwao, wala hana upande. Hivyo ndivyo alivyojiridhisha, na ukweli ni kwamba alikuwa na fahari tu, fahari ya mtoto anayetaka wazazi waje kumtazama shuleni.

Ikafika siku. Kule Makazi Mapya waliazima spika ya harusini, wakaiunganisha na simu, ukumbi ukajaa mpaka waliokosa viti wakasimama madirishani. Baba alikaa mbele, kofia juu ya magoti. Jijini, Pasi alivaa vifaa vya masikioni, akajimiminia maji, akawasha kipaza sauti. Zamu ilikuwa yake. Pembeni yake mwenzake, mzee mtulivu aliyefanya naye kazi kwa miaka, alikuwa anamenya chungwa polepole ili lisitoe sauti.

Mwenyekiti wa kamati alilitaja jina la mji. Pasi alilirudia kwa Kiswahili, na akaliweka mahali pake, jinsi watu wake wanavyolitamka na si jinsi wageni wanavyolitafuna. Baadaye waliokuwepo walisimulia kwamba ukumbi mzima kule ulivuta pumzi kwa pamoja.

Kisha mkurugenzi wa miwani akapewa nafasi. Alizungumza Kiingereza, na alizungumza vibaya, kama mtu anayepita kwenye chumba chenye watu waliolala.

"Mwenyekiti, ahsante. Serikali yangu ime... imelitafakari ombi hili. Na tunajikuta tunalazimika kulipinga."

"Ahsante, Mwenyekiti," alisema Pasi. "Serikali yangu imelitafakari ombi hili, na inalipinga."

Lile "tunajikuta tunalazimika" aliliacha njiani. Wajumbe husema hivyo kila mara, ni makapi ya maneno tu, na yeye alikuwa na mazoea ya miaka ya kupepeta. Ulimi wake ulimaliza kazi kabla moyo haujasikia kilichosemwa. Halafu ukasikia. Mwenzake aliweka chungwa chini, akamtazama, akasogeza kidole kwenye kitufe cha kipaza sauti chake na kuinua nyusi. Alikuwa anauliza, nikupokee?

Pasi alitikisa kichwa. Kwanza alikuwa anangoja "lakini." Wajumbe wengi huanza hivyo, wanapiga kisha wanapuliza, na alikuwa na hakika "lakini" inakuja. Pili, akitoka sasa, kule nyumbani wataisikia sauti nyingine ikiingia, na watasema mtoto wetu amekimbia. Akajikaza. Alishika kazi kama mtu anavyoshika ukuta akishuka ngazi gizani.

"Jina hili," aliendelea mkurugenzi, "ni la eneo la... ni eneo la hifadhi ya maji. Mali ya taifa. Na hakuna jamii... kwa sasa, hakuna jamii ambayo..."

Akasimama. Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa, akatazama karatasi yake kana kwamba imeandikwa na mtu asiyemjua. Fundi wa sauti aliinua kichwa. Wajumbe wawili watatu waligeuka kumwangalia. Mtu aliyeko ukumbini aliona wazi kabisa kwamba mtu yule amekwama, na kwamba kilichomkwamisha si Kiingereza.

Pasi hakumwona. Alikuwa amefumba macho, kama anavyofanya akitaka kushika maneno vizuri, na masikioni mwake kulikuwa na kimya, na kimya ni adui. Msikilizaji atadhani mtambo umeharibika. Basi akafanya anachofanya mkalimani mzoefu msemaji akipotea. Akamtangulia. Sentensi yenyewe aliijua inakoelekea, maana aliisikia tangu utotoni, ilisomwa redioni na ofisini na kwenye majukwaa, hata usingizini angeitaja.

"Hakuna jamii inayotambulika kwa jina hili," alisema, kwa sauti yake ile inayotulia kwa kila neno. "Waliokuwa wakiishi hapo walihamishwa kwa utaratibu, wakapewa haki zao zote, na suala hilo limefungwa."

Alipomaliza, mkurugenzi ndiyo kwanza anarudi. "Walihamishwa," alisema kwa sauti ya chini. "Na kwa mujibu wa maelezo niliyopewa mimi, mambo yao... yalishughulikiwa. Ahsante."

Hayo hayakuwa na jipya, na Pasi alikwishayasema, tena vizuri zaidi. Akasema tu, "Ahsante, Mwenyekiti." Mwenyekiti akatangaza mapumziko ya chai, na kwamba wakirudi atauliza kama kuna nchi yenye maoni tofauti.

Pasi alitoka kibandani, akaingia kwenye korido. Alimkuta Mtaalamu, aliyetumwa na chama kulifuatilia ombi, karibu na dirisha, simu sikioni, mkono mwingine juu ya upara.

"Shangazi, nisikilize," alikuwa anasema. "Nimekaa pale pale ukumbini. Yule bwana anababaika. Hana uhakika na anachosema, tungoje tuone baada ya chai." Alisikiliza. "Hapana, sikatai, shangazi. Najua mmesikia. Sawa. Wewe ndiye mwenyekiti."

Akakata simu na kumwona Pasi. Mtu aliyefuata ombi lake mpaka ukumbini haruhusiwi kuzungumza na wakalimani, lakini Mtaalamu alikuwa amefika mahali ambapo kanuni hazimshughulishi tena.

"Ameniambia nilitoe ombi," alisema. "Tukilitoa wenyewe kabla hawajaamua, sehemu kubwa ya ada inarudi. Likikataliwa tunatoka mikono mitupu. Anasema serikali imeshaongea, hakuna cha kungoja. Namwambia yule mtu alikuwa anatafuta pa kutokea, hanielewi. Ananiambia hakuwa anababaika hata kidogo, wamemsikia wote."

Pasi naye hakuelewa. Alidhani Mtaalamu anajiliwaza. Alitaka kumshika mkono, akakumbuka beji iliyoning'inia kifuani mwake, akasema, "Pole." Mtaalamu akaenda kwenye meza ya sekretarieti, na ombi la mji mzima likatolewa kwa sahihi moja, huku watu wakipitisha sukari juu ya kichwa chake.

Baada ya chai mwenzake alijitolea tena kumpokea, na Pasi akakataa tena. Mwenyekiti alitangaza kwamba mwenye ombi amelitoa kwa hiari, kwa hiyo hakuna la kuamua. Akataka kuingia ajenda nyingine. Mjumbe wa nchi moja ya visiwa, mwanamke mnene wa makamo aliyekuwa hajasema neno siku nzima, akasimamisha kibao chake kuomba nafasi.

"Nasikitika, Mwenyekiti," alisema, na Pasi akasema nyuma yake. "Kabla ya chai nilikuwa nimejiandaa kuomba tusiamue leo, tuliahirishe hadi kikao kijacho. Na nilitaka kumuuliza mheshimiwa mjumbe, kwa heshima zote, kwa nini alisita."

Kwa nini alisita. Pasi aliyatamka maneno hayo vizuri kabisa, na yalipokuwa yanatoka ndipo alipoyasikia. Katika chaneli yake mjumbe hakusita. Katika chaneli yake hapakuwa na miwani inayofutwa wala sentensi iliyokatika, wala mtu anayetafuta pa kutokea. Palikuwa na serikali inayosema kwa raha zake kwamba suala limefungwa, na neno hilo, limefungwa, hakuna aliyelisema ukumbini. Alilisema yeye.

Mwenyekiti alijibu kwamba swali hilo halina nafasi sasa kwa kuwa ombi lenyewe halipo tena. Mkurugenzi aliinamia meza. Pasi alizima kipaza sauti, na mwenzake akawasha chake bila kuuliza. Alikaa pale hadi jioni na vifaa masikioni, anasikia mambo ya herufi nyingine za watu wengine, na hakuweza kulia kwa sababu kibanda ni cha vioo.

Mwisho wa juma alikwenda Makazi Mapya. Alikuta baba yake amekaa nje kwenye benchi, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Njia salama?"

"Salama."

Walizungumza habari za njia, na za paa linalovuja, na za jirani aliyevunjika nyonga. Mzee hakuwa na haraka. Aliyakung'uta magoti yake, akatazama watu waliokuwa wanapanga viti ukumbini ng'ambo ya barabara, maana shangazi alikuwa ameitisha kikao cha kufunga shughuli.

"Siku ile wenzangu waliondoka wote," alisema. "Shangazi yako alipompigia yule kijana, watu wakainuka, kila mtu na njia yake. Mimi nikabaki. Spika ilikuwa ya kuazima, nikawa namngoja mwenyewe aje aichukue. Kwa hiyo nikasikiliza mpaka baada ya chai."

"Ndiyo, baba."

"Nikamsikia mama mmoja anauliza, kwa nini alisita."

Mzee akamgeukia Pasi.

"Sasa nikuulize wewe uliyekuwepo. Alisita wapi? Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Sikusikia akisita."

Akamwambia. Alimwambia yote, lile "tunalazimika" aliloliacha, na kile kimya, na miwani ambayo aliisikia tu baadaye kwa mwenzake wa kibandani. Alimweleza pia kazi ilivyo, kwamba kimya hakiruhusiwi, kwamba mtu husema "mimi" ingawa si yeye. Mzee aliinua mkono kidogo.

"Hiyo ya 'mimi' naijua. Sisi si wajinga, mama. Tulijua unasema ya yule bwana, hakuna aliyekulaumu." Akafikiri. "Alinyamaza muda mrefu?"

"Mrefu."

"Na wakati amenyamaza, sisi huku tulikuwa tunasikia nini?"

"Mimi, baba."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Macho yake yalikuwa makavu. "Kumbe aliona aibu," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa najiuliza kama wapo wanaoona aibu. Kumbe yupo, na alisimama mbele ya dunia nzima akashindwa kusema. Na sisi ndio pekee ambao hatukumsikia."

Pasi alipiga magoti pale pale mavumbini. Baba yake alimshika bega, si kumkumbatia wala si kumsukuma.

"Sijakusamehe," alisema. "Nakwambia ukweli kwa sababu wewe ni mwanangu. Nitakusamehe, lakini si leo, na wala sijui lini. Ila sikiliza. Shangazi yako asijue."

"Baba, wana haki ya kujua. Nataka niwaambie leo, mbele ya wote."

"Ukiwaambia kwamba palikuwa na nafasi, mtu wa kwanza watakayemtazama si wewe. Ni yeye. Yeye ndiye aliyesema litolewe. Amekitumikia chama hiki tangu tuliposhuka kwenye malori, na kifua chake unakijua. Unataka kujisafisha, nakuelewa. Lakini utajisafishia kwenye nguo za shangazi yako."

Waliinuka, wakavuka barabara, mzee mbele na yeye nyuma kidogo.

Ukumbini watu walimpokea vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko matusi. Walimpa kiti cha mbele. Mtaalamu alimpisha na kumwuliza hali. Shangazi alieleza kilichorudi kwenye mfuko wa chama na jinsi kila mtu atakavyorudishiwa sehemu yake, na watu wakasikiliza kwa ule utulivu wa watu waliozoea kuhamishwa. Hakuna aliyeuliza kuhusu kuomba tena. Mzee mmoja alisema labda sasa waache, wajukuu wazoee Makazi Mapya, na watu wakaitikia.

Kisha shangazi akamgeukia Pasi. Alijishika kwenye meza kwanza, maana pumzi ilikuwa fupi.

"Nasikia kuna wanaonong'ona pembeni," alisema, "eti mtoto wetu ndiye aliyetusomea hukumu. Mniachie mtoto wangu. Mimi namshukuru, na nataka nimshukuru mbele yenu. Maneno yale angeyasema mtu baki, nisingeyakubali. Ningesema huyu anatudanganya, ningemwambia Mtaalamu ang'ang'anie pale mpaka wamtoe kwa nguvu. Lakini niliyasikia kwa mtoto wetu, hakutetereka, hakumung'unya neno hata moja. Nikasema basi, hii ni kweli, imekwisha, tusijisumbue." Akamnyoshea mkono. "Simama, mwanangu, wakuone."

Pasi alisimama. Alimtafuta baba yake kwa macho, na mzee alikuwa anatazama sakafu. Shangazi alikuwa anangoja, uso wake umechoka na umetulia, uso wa mtu aliyefanya lililokuwa sahihi kwa kadiri alivyoambiwa.

"Ahsante, shangazi," alisema Pasi, kwa sauti nzuri iliyofika hadi madirishani, na watu wakapiga makofi.